Ngozi Kwenye Joto

Karakana ya wachoraji kule Frogtown, mtaa mmoja wa huku ughaibuni, ilikuwa imejaa wageni wa sherehe, na kwaya yetu ilialikwa kuwaimbia. Theluji ya maji ilikuwa imelegeza ngoma, kwa hiyo kijana wetu mpigaji akaiegemeza kwenye hita. Harufu ya ngozi ikipata joto ikaishinda harufu ya rangi. Namshukuru Mungu kwa miaka yote aliyonijalia, lakini harufu ile ilinipeleka nilikokuwa nikitamani kurudi.

Ilikuwa asubuhi ya Pasaka utotoni mwangu, nyuma ya kanisa letu la kijijini. Baba aliigeuza ngoma polepole juu ya moto wa magunzi, kisha akaigonga kwa kidole kusikia kama ngozi imekaza.

"Imeiva?" akaniuliza.

"Bado, baba."

"Huyu anasikiliza au anasinzia?" mama akacheka, kayamba mkononi.

Mimi sikucheka. Ngozi ikizidiwa na moto hupasuka, na kijiji kizima kingeimba ufufuko bila ngoma. Siku zote baba alilijibu swali lile mwenyewe. Asubuhi hiyo aliniachia mimi. Moshi uliniwasha macho. Akagonga tena, na mlio ukatoka mkavu, wa juu, ukarudi kutoka ukutani.

"Imeiva," nikasema, na papo hapo nikaingiwa na hofu.

Nilidhani ataigonga mara nyingine ahakikishe. Hakuigonga. Aliiweka begani ingali ya moto, akaingia nayo kanisani akiimba.