Maji Kutoka Upande wa Wifi

Walimwita Mama Mapazia kwa sababu mapazia ndiyo yaliyomlisha, yeye na watoto wake ambao sasa walikuwa wameoa na kuolewa, kila mmoja na mji wake. Hakuwa na duka. Alishonea chini kabisa ya nyumba yake, katika chumba kilichochimbwa ardhini, chenye kidirisha kimoja cha juu kilichomwonyesha viatu vya wapita njia. Wateja wengine aliwajua kwa visigino kabla hawajabisha hodi.

Kwenye kona ya chumba hicho palikuwa na shimo la kukusanyia maji, na ndani yake pampu. Maji yakipanda, boya linainuka, pampu inanguruma na kuyasukuma nje hadi mtaroni. Wakati wa mvua ilinguruma kutwa kucha. Kiangazi ilikaa kimya, hata akasahau kuwa ipo.

Mwaka huo, jua likiwa kali na majani ya uani yamekauka kama karatasi, pampu ikaanza kunguruma.

Mwanzoni alidhani imepagawa tu, mitambo nayo huzeeka. Alipofunua kifuniko akakuta maji kweli, meupe na ya baridi, yakichuruzika kutoka ufa wa ubavuni. Akawaza labda ni yale yale yanayosukumwa nje kisha yanarudi. Akaweka sikio kwenye bomba la kutolea baada ya pampu kuzima. Hakusikia kitu kikishuka. Basi akafunga koki kuu ya nyumba yake, akachora mstari wa chaki ndani ya shimo, akarudi kukata kitambaa. Alipokwenda kutazama, mstari ulikuwa umezama. Maji hayakuwa yake.

Hapo akampigia fundi bomba, mtu mmoja mtaratibu ambaye mtaa mzima ulimwita Polepole, na ambaye hakuona jina hilo kama tusi. Polepole akachota maji kwa kiganja, akayanusa. Hayakuwa na harufu, wala povu la sabuni, kwa hiyo si maji machafu. Mvua hakuna, kwa hiyo si ya ardhini. Akapapasa ukuta hadi akafika mahali penye unyevu.

"Upande wa pili anakaa nani?" akauliza.

"Hakai mtu," Mama Mapazia akajibu, akageukia cherehani yake kana kwamba kuna uzi wa kukata.

Kilichomgeuza ni hiki. Nyumba ya upande wa pili ilikuwa ya wifi yake. Marehemu kaka yake ndiye aliyezijenga hizo mbili zikiegemeana, moja akakaa na mkewe, nyingine akampa dada yake. Alipofariki, walibaki wao wawili, wifi na wifi, wakichokozana kutwa. Wifi alimwita mwanamke wa shimoni. Yeye alimwita wifi boharia, mtunza ghala, kwa jinsi alivyolijaza kabati lake makopo matupu. Wifi akifungua maji jikoni kwake, mlio ulipita ukutani, na Mama Mapazia aliweka mkasi chini akijua muda si mrefu chai itakuwa tayari. Kisha magoti ya wifi yakakataa ngazi za nyumba yake, binti yake akaja kumchukua, akaenda naye mji wa mbali. Nyumba ikafungwa.

Na siku zile pampu ilipoanza kunguruma, maji yalisikika tena ukutani. Aliyasikia kabla ya kufunua shimo. Alikuwa amepanda ngazi mbio, kitambaa begani, hadi mlangoni kwa wifi, akakuta kufuli lile lile na vumbi lile lile. Alirudi kushona bila kumwambia mtu. Kesho yake alisikia tena, na moyo ukapanda vile vile, ingawa alijua.

Funguo alikuwa nazo tangu wifi aondoke. Akazichukua, wakaingia na Polepole. Mita ilikuwa inazunguka, na mabomba yote ya ndani yamefungwa. Vigae vya chini ya sinki vilikuwa vimeinuka. Polepole alipofunga maji ya nyumba hiyo walirudi shimoni, wakangoja. Mchirizi ukapungua, ukawa matone, ukakoma. Akang'oa vigae viwili akakuta kiwiko cha bomba kimeliwa na kutu. Kukibadilisha haikuwa kazi. Alipomaliza akauliza kama afungulie maji au ayaache yamefungwa moja kwa moja, maana bomba zima limechoka.

Mama Mapazia akasema ngoja nimuulize mwenyewe. Akasimama katika jiko lile tupu, akapiga simu. Akaeleza yote, shimo, chaki, kiwiko. Wifi akacheka, akasema hata maji yake yamemfuata.

"Sasa tuyafungulie, wifi?" Mama Mapazia akauliza. "Maana ukirudi utayahitaji."



"Mwambie afunge," wifi akasema. "Nisikudanganye. Ngazi hizo sizipandi tena."

Mama Mapazia akaitikia kwa kichwa, kisha akakumbuka haonekani, akasema sawa.

"Huku wana jirani anayefua asubuhi," wifi akaendelea, sauti ikiwa imeshuka. "Nikisikia maji, huwa naita, 'Wifi, njoo unywe chai.' Binti yangu ananitazama tu."

Polepole alikuwa anakusanya zana zake taratibu kuliko kawaida, akitazama sakafu.

"Basi nitakuja kuinywa," Mama Mapazia akasema.

Alikwenda, alipomaliza kushona mapazia ya hoteli aliyokuwa ameahidi. Alimkuta wifi amekonda, amekaa barazani kwa binti yake tangu alfajiri akitazama barabara. Walilala kitanda kimoja, wakasemana mpaka binti akagonga ukuta kuomba usingizi. Wakazungumza habari za kaka, na jinsi alivyokuwa akipiga mbinja bila kushika tuni kila alipochanganya saruji. Siku ya kuondoka wifi alimsindikiza mpaka getini, hatua fupi fupi, akamshika mkono hata dereva akapiga honi. Hawakuulizana lini tena. Gari lilipokata kona, Mama Mapazia aligeuka kwenye kiti, akaona wifi bado amesimama, mkono uko juu.