Diski Iliyobeba Sauti ya Bibi

Sisi tuliokulia Mji wa Kale miaka ile ya tisini tunajua kuiogopa kompyuta. Yetu Baba aliinunua kuukuu, akaifunika kitambaa cha kudarizi, na kuikaribia sharti uoge kwanza. Tukirudi kutoka vichochoroni kucheza kibe, vidole vyanuka achari ya embe, Mama alikuwa akifoka: "Wee! Huko usipite!" Watoto wa leo wanakula chipsi juu ya kompyuta. Maskini, hawajui hofu.

Ndani yake mlikuwa na sauti ya Bibi, mamake Baba. Baba alimrekodi kabla hajafariki: akituita kula, akituombea dua, akicheka mpaka akapaliwa. Basi kompyuta ikajaa. Mama alitaka nafasi ya kuchapa mitihani ya chuoni alikosomesha watoto Kurani, lakini Baba akaapa halifutwi hata neno moja. Ndipo Ami Hamadi, mdogo wake Baba, akaja na diski kuukuu aliyoitoa kwenye kompyuta iliyotupwa ofisini kwao Tudor. Alisema ataiunga pamoja na ile yetu iliyobeba sauti ya Bibi, nafasi iongezeke.

Jumapili moja baada ya alasiri akaifungua kompyuta juu ya mkeka. Mama alikuja na chetezo cha ubani, Baba akamfukuza: "Moshi huo utaingia ndani!" Ami akachomeka, akawasha. Kukaanza kugonga humo ndani, ka, ka, ka. Kioo kikaandika kwamba hakuna diski. Si ya Ami, wala si yetu.

Nilimshika Mama leso. Baba, ambaye sikuwahi kumwona akiogopa hata polisi, alipiga magoti mbele ya kioo.

"Hamadi," akasema polepole, "umemuua mama yangu mara ya pili."

Jasho lilimtoka Ami. Akazichomoa zote mbili, akazigeuzageuza, kisha akajipiga kipaji cha uso. Nyuma ya kila diski kuna kijipini cha kuiambia kompyuta ipi itangulie, na zote mbili zilikuwa zimewekwa zitangulie. Akakihamisha cha ile ya ofisini, akawasha tena. Baba akabonyeza penye sauti ya Bibi.

"Njooni mle, chakula chapoa!"

Baba alilia kwa sauti, Ami naye akalia, na mimi nikakimbilia chooni kutapika.

Siku hizi wanangu wana simu zilizojaa sauti za dunia nzima, na nikiwatumia ujumbe wa sauti wanaufuta kabla sijamaliza salamu. "Mama, waongea sana!" Diski yetu iko kabatini, nimeifunga kwenye leso. Baba, Mama na Ami wote wametangulia mbele ya haki. Kijana wangu amepata waya wa kuisomea, na kila Ijumaa hunambia: "Mama, nipe niijaribu." Namwambia kesho. Siku ile tulikuwa wanne, tukaogopa pamoja. Leo sauti ya Bibi naijua mimi peke yangu, na diski ikianza kugonga ka, ka, ka, sina wa kumshika leso.