Kadi Yangu Katika Kopo la Mama Serafina

Siku ninayoikumbuka kila nionapo kijana akitoka benki na kadi mpya ilikuwa siku ya mshahara, hapa hapa Kamina. Nilikuwa mwalimu wa Kifaransa, niliyemaliza chuo karibuni tu, na serikali ilikuwa imeanza tu kutulipa kwa njia ya benki. Mwanangu, nakuandikia nikiwa nimechoka, kwa sababu juma hili walimu vijana wawili wa shule yetu wameniomba niwadhamini kwa mkopo, na hakuna kati yao aliyeweza kunieleza ataulipaje. Nimewaambia warudi Jumatatu. Hadi hapo, acha nikueleze yangu.

Kosa langu lilianza na nguo. Akina mama wa kanisa letu la Kimethodisti walikuwa wamechagua kitenge cha sare kwa ajili ya sikukuu ya mavuno, nami ndimi niliyeongoza kwaya. Mshahara ulikuwa bado majuma matatu. Sikutaka kusimama mbele ya waimbaji wote nikiwa peke yangu katika nguo ya mwaka uliopita. Hakuna aliyenilazimisha, hilo nalisema ili usidhani nalaumu kanisa. Mwalimu mwenzangu akanielekeza kwa Mama Serafina, mke wa askari wa Base, kambi yetu ya jeshi, ambaye alikuwa akikopesha watumishi wa serikali nyumbani kwake karibu na reli.

Mama Serafina hakuomba kiwanja wala baiskeli kuwa rehani. Aliomba kadi ya benki na tarakimu zake nne za siri. Aliziandika kwenye kipande cha karatasi, akakifunga pamoja na kadi kwa mpira, akavitia ndani ya kopo la maziwa ya unga ambamo kadi za walimu wengine zilikuwa zimepangwa. Ndivyo ilivyokuwa desturi: siku ya mshahara yeye ndiye aliyetoa pesa benki, akachukua zake pamoja na faida, kisha akakukabidhi kilichobaki.

"Miezi mbili tu, Mwalimu," aliniambia. "Kisha unakuya kubeba kadi yako."

Kilichobaki mwezi wa kwanza hakikunifikisha hata katikati ya mwezi, nikarudi kukopa. Mwezi wa pili vilevile. Sisi walimu tulikuwa tukiulizana kwa mzaha katika chumba cha walimu, "Na weye uko mu kopo?" na yule aliyejibu "Niko" ndiye aliyecheka kuliko wote. Nami nilicheka hivyo miezi saba.

Mdogo wangu Ngoie alikuwa Bukama na mama yetu, muuza samaki, akimaliza darasa la mwisho la sekondari. Nilikuwa nimeahidi kumlipia ada ya mtihani wa taifa. Mwezi mzima kabla ya kuandikishwa, Mama alinipigia simu kuulizia pesa hiyo.

"Odette, ile falanga ya Ngoie iko? Kama haiko, sema tu, minyi mwenyewe nitafute."

"Iko, Mama. Usihangaike."

Nilisema hivyo nikiwa na kitenge kile mwilini. Nilijipa tumaini kwamba mwezi ule Mama Serafina angelegeza mkono. Ngoie alipofika kwa treni kuchukua ada, nilimwambia kadi yangu iko na panne na benki inaitengeneza. Akaamini, mtoto wa watu, akaombea hata mashine za benki mezani.

Siku ya mshahara alitaka kunisindikiza. Sikupata sababu ya kumkatalia. Mama Serafina alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya ukuta wa benki, kopo mapajani. Alipotuona alichambua kadi zake, akaitoa yangu.

"Yaya," Ngoie aliniuliza polepole, akiniita dada mkubwa kama kawaida yake, "ile kadi iko na jina yako. Juu ya nini iko mu kopo ya ule mama?"

Mama Serafina alijibu kabla yangu. "Kitenge ya dada yako, ni minyi nilimuvalisha. Kila dimanche yeye anaimba mu kanisa, minyi nangojea."

Foleni ikacheka. Nilimwinamia sikioni. "Mama, uniachilie mwezi huu moja. Ni falanga ya mutihani ya mutoto."

Alimtazama Ngoie kwa muda, na nadhani alimhurumia. "Mwalimu, hata minyi niko na deni kwa bantu. Nikikuachilia weye, hawa bengine nitabaambia nini?"

Kilichobaki mkononi mwangu hakikufika hata nusu ya ada. Niliwaendea walimu watatu. Wote watatu walikuwa katika kopo lile lile. Orodha ya watahiniwa ikafungwa Ijumaa. Ngoie alirudi Bukama Jumamosi.

Baada ya juma moja Mama alikuja mwenyewe. Nilitarajia kelele. Aliketi, akavua viatu, akasema taratibu, kama mtu anayeeleza njia:

"Kukosa falanga haiko zambi, Odette. Lakini minyi nilikuuliza. Ungesema 'sina', ningeuzisha nyavu ya baba yenu, iko tu mu nyumba. Ulisema iko. Njo nilikala, sikutafuta."

Mpaka leo sijasikia hukumu nzito kuliko hiyo. Mkopo uliniondolea mshahara. Uongo wangu ulimwondolea mama yangu mwezi mzima wa kutafuta.

Niliuza kitenge, nikauza na redio, na kadi yangu ilitoka koponi baada ya mwaka. Ngoie alikuwa ameanza kuuza samaki pamoja na Mama, kisha akaolewa, na mtihani ule hakuufanya kamwe. Nikienda Bukama ananichagulia samaki walio wazuri kuliko wote, na hakubali kulipwa. Ningependa sana akubali.

Leo, mwanangu, benki zenyewe zinakutumia ujumbe katika simu: nunua sasa, mshahara utalipa. Sikukatazi kukopa. Lakini ukitumia pesa ya mkopo, iwe kwa jambo utakaloweza kulilipa lote siku ya mshahara, na kwanza upige hesabu ya kile kitakachobaki, uone kama kinatosha mwezi. Ukiona unakopa ili kulipa ulichokopa, simama hapo hapo. Kadi yako na namba zake za siri zisiingie mikononi mwa mtu yeyote, hata akiwa mwema kama alivyokuwa Mama Serafina. Na ukishakwama, mwambie mapema yule anayekutegemea. Aibu ya kusema "sina" hupita baada ya siku mbili. Ile nyingine ninayo hadi sasa.

Mungu akujalie mshahara unaofika katika mkono wako mwenyewe, na ndugu ambao unaweza kuwatazama machoni siku unapoupokea.