Tumbo la Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alifunga choo miaka mitatu, na katika miaka hiyo yote sikumwona hata kisigino. Kwetu Ikolo, huko Kyela, enzi za Mwingereza, mke wa mtoto hamwoni baba mkwe wala haonwi naye. Akitokea njiani, unajitupa migombani na kujifunika kaniki mpaka apite. Wamisionari walisema hayo ni mambo ya giza. Yeye alikuwa mzee wa kanisa. Aliitikia amina, akarudi nyumbani na mwiko wake ukabaki palepale.

Kwa hiyo nilimjua kwa masikio. Nilijifunza hatua zake, kikohozi chake, na fimbo yake inavyogonga chini, kwa sababu nikikosea kidogo tu tungekutana uso kwa uso na kuaibika wote wawili. Habari za tumbo lake nazo zilinifikia, kwani mama mkwe alizitangaza kila asubuhi akimenya ndizi: leo siku ya nne, leo ya sita, leo ya tisa. Nyumba nzima tulihesabu siku kwa utumbo wa mtu mmoja. Choo chake kilikuwa kando ya njia ya mtoni, naye alikaa humo tangu umande hadi jua kali, mimi nimekwama na mtungi mtupu, kisha nikaitwa mvivu wa kuchota maji. Nilimwombea sana apate choo, wala si kwa upendo. Nilitaka njia.

Dresa wa zahanati alimpa haluli. Ikashindwa, akampa mafuta ya nyonyo. Yakashindwa, akampiga bomba la maji ya sabuni, na mama mkwe akatusimulia hilo kwa urefu wakati tunakula. Jirani alileta mizizi, mwingine mapapai. Mzee alishinda amejifunika blanketi katika joto la Kyela, joto la kuku kuachama midomo, na wanawe wakacheka kwamba uzee umemfundisha kudeka.

Halafu tumbo likavimba, wakambeba kwa machela hadi hospitali ya wamisionari. Mimi nilifuata nyuma kwa mbali, niwe wa kupika. Nikaketi nje, chini ya dirisha la wodi, ukuta ukiwa kati yetu. Nilimsikia daktari Mzungu akiwaambia wanawe kwamba kufunga choo hivyo mara nyingi ni dalili ya ugonjwa mwingine. Alidhani utumbo umezibwa na uvimbe. Kesho angepasua. Akawauliza kama wameona mzee amebadilika kitu kingine chochote. Hapana, wakasema, tumbo tu.

Nilipandwa na hasira. Wanaume wanne wenye macho, wanakaa naye kila siku! Nilimvizia daktari barazani.

"Sauti yake si ile," nikamwambia. "Nilipoolewa alikuwa anaongoza nyimbo kanisani. Sasa inakwaruza, na maneno anayavuta. Hatua zake pia zimepoa. Zamani nikimsikia, nilikimbia. Siku hizi namaliza kupepeta mchele kwanza."

Akaniuliza uso wake nao umebadilikaje. Nikamjibu kwamba sijawahi kuuona.

Akageuka, akarudi ndani. Nikamsikia akimwamuru mzee ameze mate, akimgonga magoti, akimwuliza habari za baridi. Kesho yake hakupasua. Alisema kuna tezi shingoni, na ikilala, mwili wote unalala nayo: moyo, sauti, hata utumbo. Dawa yake ni vidonge vinavyotengenezwa kwa tezi za wanyama, navyo havikuwepo. Vingeagizwa mbali.

Tulingoja wiki nyingi. Mume wangu hakunisemesha, kwa sababu nilizungumza habari za mwili wa baba yake na mwanamume mgeni. Hilo ningelivumilia. Kilichonitesa ni kwamba mimi ndiye niliyezuia kisu. Mzee akifa, nitakuwa nimemuua kwa masikio yangu, na nitamzika bila kumjua sura. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Vidonge vilifika. Mwezi wa pili wa kuvimeza, asubuhi moja, nilikuwa natoka mtoni na mtungi kichwani niliposikia hatua zake. Nikapiga hesabu yangu ya siku zote, nikaona nafasi ninayo tele. Kumbe hatua zinakuja mbio. Nilijitupa migombani, mtungi ukapasuka, nikalala kifudifudi topeni na kaniki kichwani.

Hatua zikasimama. Kusema nami hakuruhusiwa, akasema na migomba, kwa ile sauti yake ya kanisani.

"Enyi migomba," akasema, "leo nimekwenda choo kabla jua halijatoka. Ndaga fijo. Asanteni sana."

Akaenda zake. Nilibaki pale chini nikilia, tope limejaa mdomoni.