Boga la Mama Pius

Ukimwona Evelina, au Mama Pius kama wengi wanavyomwita, Jumapili pale Mkuyuni, kitenge cha akina mama wa kanisa mwilini, Biblia kwapani na futi ya ufundi shingoni kwa mazoea, utadhani alizaliwa mtu mzima. Ana duka la kushona sare za shule. Wanaume humpisha njiani kwa sababu ya mabega yake, na wote huamini kuwa mabega hayo kayapata kwenye cherehani. Cherehani! Watu bwana, wasichokijua hujijazia wenyewe.

Mabega yale ni ya tufe. Alipokuwa binti, akifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba kule Misungwi, alikuwa akilitupa lile dude la chuma la kilo nne kwenye mashindano ya wafanyakazi, na miaka mitatu mfululizo hakuna mwanamke wa mkoa aliyemfikia. Bukta yake alijishonea mwenyewe. Kisha akaposwa, na wajomba wa mchumba wakasema hawaoi mapaja yaliyokwisha kuonwa na uwanja mzima. Akaacha. Hakuna aliyemfunga kamba. Alikubali kwa mdomo wake mwenyewe, na hilo ndilo linalomchoma mpaka leo kuliko maneno ya wale wajomba.

Ndiyo maana damu ilimchemka Jumapili ya sadaka ya mavuno. Selina, binti wa kidato cha tatu anayeimba kwaya, alikuwa amechaguliwa kuuwakilisha mkoa kwenye kutupa tufe, na fomu ya mzazi ilitakiwa shuleni kesho yake. Baba yake, Nathaniel, mzee wa kanisa, akasema nje ya kanisa watu wote wakimsikia, "Mwanangu havai bukta mbele za watu. Kutupa vyuma si kazi ya mtoto wa kike." Selina akaikunja fomu, akainamisha kichwa. Evelina alipokiona kichwa kile kikiinama alijiona mwenyewe, na hasira ikampanda.

Mnada wa sadaka ulikuwa umeanza. Kanisani kwao, ukinunua kitu mnadani unaweza kumzawadia mtu, naye hawezi kukikataa, maana ni sadaka. Likainuliwa boga. Evelina akalipima kwa macho: kilo nne, kama si nne kasoro. Akapandisha bei mpaka wengine wakanyamaza.

"Namzawadia Baba Selina," akasema.

Nathaniel alikuwa amekaa mbali, kwenye jiwe kubwa penye kivuli. Akacheka. "Asante, mama. Niletee basi."

"Siji. Lipokee hapo hapo."

Akavua viatu. Akaliweka boga shingoni, chini ya taya, akampa Nathaniel mgongo, akakunja magoti.

"Yesu wangu, Mama Pius anaumwa?" akauliza mama mmoja.

Evelina akageuka kwa nguvu, na boga likaruka. Likapita juu ya makapu ya dagaa, juu ya kuku waliofungwa miguu, likapasukia hatua moja mbele ya mzee wa kanisa, mbegu zikamrukia suruali. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na kimya hiki kilikuwa cha miaka thelathini na tano.

"Mama! Umejifunzia wapi haya?" Nathaniel akauliza.

"Uwanjani, nikiwa na bukta! Nilikuwa bingwa wa mkoa huu, nikaacha kwa kuogopa midomo ya watu kama wewe. Haya, nifukuzeni kanisani kwa mapaja ya zamani!"

Evelina akavua futi shingoni, akampa Selina ncha. "Shika hapo, mwanangu, tupime." Wakapima, wakahamisha futi ile ya mita moja na nusu, mara tano na kipande.

"Mita saba na nusu na ushee," Evelina akatangaza. "Kwa umri huu, na kwa boga lisilo hata duara. Binti yako atafika wapi?"

Zawadi haikataliwi. Nathaniel akainama, akaviokota vipande kimoja kimoja, akaviweka kwenye kofia yake. Kisha akamnyooshea Selina mkono. "Lete hiyo fomu." Akasaini juu ya goti.

"Lakini mama," akasema taratibu, "hiyo bukta basi ifike magotini."

"Nitaishona mimi," Evelina akajibu, akikunja futi yake. "Na itakuwa fupi."