Wamekataa Damu ya Kaplelach

Leo wamekataa damu yangu. Mimi, mwenye bado napasua kuni Cheptiret vijana wakitazama.

Mama Njoki wa duka amelazwa hapa hospitali Eldoret, anangoja damu ndio afanyiwe operesheni.

Mwaka jana bibi yangu alipofanyiwa yake, ni huyo mama alitoa. Hakuna mtu alimuita. Alifunga duka akakuja.

Kwa hivyo leo nimekuja mimi.

Nesi akauliza, "Mzee, uko na miaka ngapi?"

Nilisikia mwisho wa kutoa damu ni miaka sitini na tano, nikasema sitini na mbili. Kitambulisho nikasema kimebaki nyumbani.

Akaandika. Hapo ningenyamaza tu.

Lakini nikamwambia, "Andika vizuri, msichana yangu. Hiyo ni damu ya Kaplelach."

Kalamu ikasimama.

"Kaplelach? Hiyo si ni rika ya babu yangu? Yeye ako sabini na tano."

Nikasema mimi nilitahiriwa mapema. Laini yote ikacheka.

Tangu hapo sijaketi, natembea tu hii veranda.

Watoto wangu watano, najua mnasoma hapa kwa group. Nani anakuja? Mimi siendi kuambia mama yenu hakuna mtu wetu alitoa.