Mwaka Mama Alipoimba Kijerumani

Wiki iliyopita mwenzangu wa ofisini alikuja kazini na mafua. Akatia matone ya mafuta ya mkaratusi katika bakuli la maji ya moto, akajifunika mtandio kichwani, akawa anavuta mvuke. Harufu ikatambaa mpaka kwenye meza yangu. Wengine wakafungua madirisha. Mimi niliacha kazi nikatulia tu, maana pua yangu ilikuwa imeshanirudisha jikoni kwetu Hail, hapa Maskati, mwaka ule Mama alipopoteza sauti na mimi nikawa mdomo wake.

Nilikuwa na miaka tisa. Kabla ya hapo Mama alikuwa na sauti ambayo majirani waliijua kuliko walivyomjua mwenyewe. Akiniita kutoka rosheni, watoto wa mtaa wa pili ndio walionambia, "Raiya, unaitwa." Akipika alikuwa akiimba taarabu alizojifunza kwa mamaake, na akikaribia pale panapotaka sauti ipande, hupunguza moto kwanza, mchuzi usije ukaungua na yeye yuko juu.

Kisha tezi ya shingo ikavimba, madaktari wakaiondoa. Operesheni ilikwenda salama, watu wakaja na matunda na dua. Lakini Mama alipozinduka, sauti haikuzinduka naye. Kilichobaki kilikuwa mnong'ono, kama wa mtu anayekupa siri hata pale anapokuomba chumvi.

Tatizo ni kuwa tuliishi na Bibi, mamaake Baba, ambaye sikio lake la kulia lilikufa tangu utotoni Unguja kwa maradhi, na la kushoto lilikuwa likisikia linapotaka. Mmoja ananong'ona, mwingine hasikii. Mimi nikawekwa katikati.

"Kasema nini mamaako?"

"Kasema wali bado haujaiva, Bibi."

"Mwambie wali hauivi kwa kuangaliwa."

Mama alikuwa na masikio mazima kabisa, na alisimama hatua mbili tu kutoka hapo. Lakini mimi nilijua wadhifa wangu. Nilimgeukia nikamwambia, "Bibi kasema wali hauivi kwa kuangaliwa," naye akaitikia kwa kichwa, kwa heshima zote, kana kwamba ndiyo kwanza anaisikia habari hiyo.

Mwanzoni nilijiona mtu mkubwa. Nilizungumza na mleta maji, na mwalimu wangu kwenye simu, na mashangazi waliopiga kutoka Sidab kuuliza hali. Baadaye nikachoka. Ila kulikuwa na jambo zito zaidi ya uchovu, nami sikumwambia mtu. Siku moja ndani ya basi la shule nilijaribu kuikumbuka sauti ya Mama ya zamani, vile ilivyokuwa ikiniita, nisiipate. Nilikumbuka maneno. Sauti yenyewe ilikuwa imeondoka. Nikaanza kuamini haitorudi.

Daktari akampeleka kwa mwalimu wa sauti, mwanamke wa Kijerumani jina lake Ulrike, mrefu, nywele nyeupe zimekatwa karibu na kichwa, akisema Kiarabu cha Misri kilichowafanya wauza duka watabasamu. Yeye ndiye aliyeleta mkaratusi nyumbani kwetu. Asubuhi na jioni Mama alivuta mvuke, kisha akapuliza ndani ya gilasi ya maji kwa mrija mpaka maji yakachemka mapovu, huku akitoa mlio wa nyuki. Mimi kufanya hivyo mezani nilikatazwa siku zote, basi nilimtazama kwa wivu.

Baada ya miezi, Mwalimu Ulrike akasema koo la mtu aliye peke yake lina woga, linataka wenzake. Alikuwa akiongoza kwaya ya watu mchanganyiko, madaktari, walimu, watu wa benki, Wahindi, Wafilipino, Waingereza na Walebanoni, waliokuwa wakijitayarisha kuimba pamoja na okestra itakayokuja kutoka Ujerumani, katika lile jumba kubwa la muziki hapa Maskati. Akamtia Mama kwenye safu ya sauti za chini za wanawake. Mama akamwarifu Bibi, kupitia kwangu, kuwa atakwenda kuimba nyimba za Kijerumani za zamani, ni dawa ya koo. Bibi akasema dawa ya koo ni tangawizi, lakini hakuzuia.

Mchana Mama alikuwa akijifunza uani, karibu na ukuta wa jirani, kwa sauti nyembamba kama uzi. Siku moja uzi ule ulipokuwa unakatika, ikaja sauti nyingine kutoka upande wa pili wa ukuta, ikaushika. Mama akanyamaza kwa mshangao. Ile sauti ikaendelea peke yake, haina maneno, ni mvumo tu, ikafika mwisho wa mstari na kuanza mwingine. Mama akaingia tena. Wakaenda pamoja, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akifika mwisho pasipo kukatika.

Alikuwa ni Prossy, msichana wa Uganda aliyekuwa akifanya kazi nyumba ya pili. Tangu hapo kila akianika nguo, na Mama akitoka uani, ukuta ule ulikuwa unaimba pande zote mbili. Bibi alivuta kiti chake mlangoni akageuza sikio lile zima. Alipokutana na Prossy getini akampa sifa zake.

"Asante sana, Mama," Prossy akasema kwa furaha. "Huu wimbo kwetu tunauimba kanisani. Nilishangaa sana kuusikia huku."

Bibi akaingia ndani polepole, akakaa, akakivua kiatu kimoja na cha pili akakisahau mguuni, akamwita Mama.

"Zuwena. Kumbe hizo nyimba za kanisa?"

Mama akaitikia kwa kichwa.

"Nami nkaambiwa dawa."

Mama akaninong'oneza. "Kasema ni dawa pia, Bibi," nikasema.

"Dawa zimekwisha mji mzima? Mtoto wa Kiislamu, mke wa mtu, akasimame mbele ya umma amwimbie Mungu kwa Kijerumani?"

Mama alitaka kulijibu hilo mwenyewe. Akavuta pumzi, mishipa ya shingo ikamtoka, akafungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa kama mlango unaotaka mafuta. Akajishika koo, akaenda chumbani. Bibi akanitazama mimi, kwa mazoea, apate tafsiri. 

Siku mbili nyumba ilikuwa nzito. Jioni ya pili Baba akaingia na Bibi sebuleni wakafunga mlango. Kwa vile kumwambia Bibi jambo ni lazima upandishe sauti, nilitegemea kusikia yote, lakini Baba alimsogelea sikio lake zima, nikasikia neno moja tu, la Bibi: "Tangu lini?" 

Asubuhi nilimkuta Bibi jikoni anatwanga tangawizi. Akachanganya na asali ile nzuri ya mkunazi, iliyokuwa ikifungwa kabatini kwa wageni, akanipa kikombe.

"Mpelekee mamaako anywe yote. Na mwambie akaimbe. Mungu hahitaji mkalimani."

Nilikimbia na kile kikombe nusu yake ikamwagika. Nikamwona Baba ni bingwa wa maneno, maana sijapata kumwona mtu aliyeweza kumgeuza Bibi kwa jioni moja.

Siku ya onyesho lenyewe Baba alirudi kutoka kazini mapema. Nilimwona kupitia dirishani, ameegesha gari nje, injini inanguruma, paji la uso amelilaza kwenye usukani. Nikadhani gari imeharibika, nikahofia tutachelewa. Mwishowe akashuka, akapita moja kwa moja kwa Mama, mlango ukafungwa. Alipotoka akamwinamia Bibi sikioni, akasema maneno machache.

Baadaye kidogo nilitumwa kumwita Bibi avae. Nikamkuta chumbani kwake, paji la uso sakafuni, hapana msala, na haukuwa wakati wa sala. Karibu naye ulikuwa uvungu wa kitanda. Nikapiga magoti kando yake nikachungulia.

"Kipuli kimeangukia wapi, Bibi?"

Akainua uso, umelowa, na anacheka.

"Hakijaanguka kitu, mjukuu wangu. Kimepatikana."

Nikatazama masikio yake, vipuli vyote viwili vipo. Nikaridhika.

Jumba la muziki lilinukia mbao na udi. Bibi alivaa buibui lake la harusi za watu na mkobani mwake mlikuwa na visheti. Kijana wa mlangoni, kanzu yake nyeupe pe na kilemba kimekaa sawasawa, akamwambia kwa adabu kuwa ukumbini hakiliwi kitu. Bibi akampa yeye kisheti kimoja ili wasigombane. Prossy alikuwa nasi. Baba alimwombea ruhusa kwa waajiri wake, na alikuwa amekaa mwisho wa safu yetu, amevaa gauni la rangi ya ndizi, mikono juu ya magoti kama yuko shule.

Okestra ikatoka. Bibi, aliyekulia nyuma ya klabu ya taarabu, akahesabu fidla mpaka akachoka. "Mafidla yote haya," akasema, kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, "nani anawalisha?" Watu wa mbele wakageuka. Baba akatazama dari.

Kisha kwaya ikaingia, na Mama yumo, nguo nyeusi na mtandio wa rangi ya maziwa, safu ya tatu, kati ya Mwingereza mrefu na nesi wa Kifilipino. Muziki ukaanza chini kabisa, kwenye yale mafidla makubwa yanayopigwa kwa kusimama, nikausikia kwenye miguu ya kiti kabla ya masikioni. Mgongoni mwa kiti cha mbele palikuwa na kioo kidogo kilichoonyesha maana ya maneno kwa Kiarabu. Bibi alisahau miwani, nikamsomea: habari za machozi, za subira, za rehema ya Mola kwa wanaongoja. Nilipofika mahali akanigusa mkono.

"Basi. Yametosha hayo. Niache nisikie."

Katikati ya onyesho okestra ilinyamaza, kwaya ikabaki peke yake, na ukaja ule wimbo wa ukutani. Nikamwona Prossy anaufuata kwa midomo, bila sauti. Mimi nikaanza kumtafuta Mama. Nilimwona kinywa chake kinafunguka, lakini sauti zilikuwa nyingi, zimesukwa kama ukili, na yake siioni.  Nikafikiri labda amesimama pale anafungua kinywa tu. Kisha wanaume wakanyamaza, sauti nyembamba za wanawake nazo zikanyamaza, zikabaki zile za chini kwa mistari miwili.

Hapo nikaipata. Ilikuwa nzito kuliko zamani, na ina chengachenga, kama sukari guru, lakini ilikuwa ni yake. Ndiyo ileile niliyoitafuta ndani ya basi nikaikosa. Mabega yangu yakashuka, na mpaka yaliposhuka sikuwa nimejua kuwa yalikuwa juu.

"Yule Mama, Bibi."

"Nnamsikia," akasema Bibi. Machozi yalikuwa yanamtiririka wala hayafuti.

Nje, taa zimewaka kwenye marumaru, Mama alikuja akitutafuta. Aliniita jina langu kutoka mbali, nami nikalisikia. Akamkumbatia Bibi, akasema, "Nimechoka, Mama, miguu inaniuma." Nikafungua kinywa nifanye kazi yangu. Bibi akanizuia kwa kiganja.

"Nimemsikia mwenyewe. Wewe kapumzike."

Nililala garini hata kabla hatujafika barabara kuu.

Kwa miaka mingi niliamini kuwa usiku ule ulikuwa habari ya sauti tu, na kuwa Bibi aligeuzwa na ufasaha wa Baba. Nilikuwa nimeshaingia chuo kikuu pale Mama aliponieleza, sokoni Mawaleh, tunachagua nyanya, akisema kama mtu anayetaja bei. Wiki chache kabla ya onyesho madaktari walikuwa wameona uvimbe mwingine shingoni, wakachukua kipande kwenda kukipima. Hilo ndilo Baba alilomwambia Bibi sebuleni. Na majibu, kwamba ni salama, hakuna kitu, yalitoka mchana wa siku ya onyesho.

Nilimuuliza, nikiwa na uchungu kidogo, mbona mimi niliyebeba maneno yote ya nyumba ile hilo sikupewa.

Mama akaigeuza nyanya, akaitia mfukoni.

"Tulitaka nyumbani awepo mmoja anayelala," akasema.

Nilisimama pale katikati ya makelele ya wauzaji, nikaanza kuliogopa jambo lililokwisha miaka mingi nyuma. Mama aliniona, akanishika kiwiko. Alikuwa hai, mkono wake una joto, anabishana na muuzaji kuhusu nyanya zilizopondeka, na sauti yake ilisikika mpaka safu ya vitunguu.